Meno Yaliyonyamaza

Jumatatu, 12 Mei. Chimala
Leo tumepakia mchele wa kwanza wa msimu. Magunia ni ya kwetu na ya majirani zetu wa Usangu, wengi wao Wasukuma wenzetu waliohamia huku na ng'ombe wakati mimi sijazaliwa. Baba, Mzee Bujiku, alisimama pembeni na fimbo yake akiangalia kamba zinavyokazwa. Aliuza ng'ombe akanunua lori hili, na hataki liendeshwe na mtu mwingine zaidi yangu. Watu wa Chimala wameshazoea kuona mwanamke kwenye usukani. Wa Makambako bado wanageuza shingo.

Giaboksi ya zamani ilikufa mwezi wa nne. Fundi wetu, Mzee Muhidini wa Kihesa, Iringa, ametufungia nyingine iliyotumika. Ile ya kwanza ilikuwa inalia safari nzima kama mbwa aliyefungiwa nje. Hii haina kelele. Saulo, utingo wangu, anasema sasa anasikia hata njiti za kiberiti zikicheza mfukoni mwake.

Jumatano, 14 Mei. Ruaha Mbuyuni
Tumeshuka Kitonga salama, gia ya tatu kuanzia juu mpaka chini. Baba alinifundisha hivyo tangu mwanzo: mlima ule hushuki kwa breki, unashuka kwa gia. Injini ndiyo inayokushika. Breki ukizikanyaga muda wote zinachemka, halafu zinakuacha.

Jumapili, 18 Mei. Mafinga
Baridi kali. Hakuna jipya.

Alhamisi, 29 Mei. Ruaha Mbuyuni
Marcelino, dereva mwenzetu wa kubeba mchele, ameanguka Kitonga.

Tulilikuta lori lake limebanwa kwenye ukuta wa mwamba, kichwa kimejikunja, mchele umemwagika barabara nzima na magari yanapita juu yake. Marcelino alikuwa ameshatolewa, yuko hai. Brayson, utingo wake, alikuwa amefunikwa kwa khanga mbili ambazo sijui zilitoka kwa nani. Brayson nilimfahamu. Tulikuwa tunakula naye mihogo Chimala tukisubiri kupakia, na kila mara alitaka kumlipia Saulo chai.

Askari akatuambia tupite. Nikaweka gia ya tatu, tukashuka. Mikono ilikuwa inatoka jasho mpaka usukani unateleza. Tulipofika chini Saulo alishuka, akaenda nyuma ya gari, akakaa huko muda mrefu.

Jumamosi, 31 Mei. Iringa
Nimemwona Marcelino hospitali. Mguu wa kulia umekatwa chini ya goti. Nilifikiri atataka tuzungumze mambo mengine, lakini alinishika mkono akaanza mwenyewe.

"Breki zilikuwa nzima, Ng'washi. Niliingia na tatu kama siku zote. Nikafika kona ya pili, nikasikia mlio mmoja tu, kama mtu amevunja kuni. Gari likaachia. Likawa halina gia. Nikakanyaga breki mpaka zikatoa moshi."

"Kabla ya hapo haikuwa inalia?"

"Hata kidogo. Ungekuwa umepanda na mimi ungelala."

Kisha akasema, "Na yako si tulifungiwa wote kwa Muhidini?"

Nilikuwa najua. Nilikuwa nimeshajua tangu juzi nilipoona lile lori. Lakini sikuwa nimelisikia likisemwa na mtu mwingine.

Jumatatu, 2 Juni. Kihesa
Mzee Muhidini amekonda ndani ya siku nne. Alienda kumzika Brayson, na watu wa msibani walimtazama kwa jicho baya. Nilimkuta amekaa kwenye benchi la gereji, mbele yake ile giaboksi yangu ya zamani imefunguliwa.

"Hizi zilizotumika ziliingia tatu pamoja," aliniambia. "Ya Marcelino, yako, na ya Abdul wa Mbeya. Niliziangalia zote kabla ya kufunga, mwanangu. Niliangalia kwa taa. Sikuona kitu."

Nikamuuliza kwa nini ya Marcelino haikulia. Ile ya zamani, jino lilipomeguka mwaka juzi, lilipiga ko, ko, ko kila gia ilipozunguka, mpaka abiria akauliza nani anagonga. Tukaja hapa, akalipata siku hiyo hiyo.

Akachukua gia ya zamani akanipa. "Angalia meno yake. Yamenyooka, sambamba na shafti, hiki chuma kirefu kinachopita katikati. Jino linakutana na mwenzake upana wote kwa mara moja, pa! Ndiyo maana inapiga kelele. Sasa jino moja likiumwa, zamu yake ikifika mzigo unaanguka pale. Utasikia tu."

Halafu akachora kwa chaki sakafuni mistari iliyolala. "Hizi mlizofungiwa meno yake ni ya mshazari. Jino linaingia pole pole, linaanzia kona moja linateleza kwenda nyingine, na kabla halijatoka jirani yake ameshaingia. Mzigo wanaushika wawili, watatu kwa pamoja. Umeshaona watu wanavyobeba jeneza? Mmoja akiishiwa nguvu, jeneza haliinami. Wenzake wanalishika. Wewe uliye nyuma huoni kitu, mpaka siku wamechoka wote."

Nilimwomba aifungue yangu. Akasema ataifungua, ila kazi ni ya siku kadhaa na vipuri vingine huagizwa Dar. Nikampigia baba. Baba akasema mpunga uko uwanjani, majirani wanatutegemea, na gari zima lisilolia mimi nalitafutia ugonjwa.

"Marcelino alikuwa anakimbiza," alisema. "Kila mtu anajua."

Marcelino hakuwa anakimbiza. Lakini nilisema ndiyo baba.

Ijumaa, 6 Juni
Tumeshuka. Kimya.

Jumanne, 10 Juni
Tumeshuka. Kimya. Nilizima redio tangu Ilula na kumkataza Saulo kuzungumza. Nilikuwa nasikiliza kama mtu anayesikiliza pumzi ya mgonjwa. Unasikia injini, unasikia upepo, unasikia kamba zikigonga turubai. Ile sehemu ninayoitaka haisemi.

Jumamosi, 14 Juni. Ruaha Mbuyuni
Nimegombana na Saulo. Tulipofika juu ya mlima alifungua mlango, akaruka chini, akadandia pikapu ya nyanya iliyokuwa mbele yetu. Aliniacha nishuke peke yangu. Nilimkuta chini amekaa kwenye gunia la vitunguu, hata macho hanitazami.

Nilimwambia maneno makali. Nilimwambia hafai, kwamba ningekuwa mwanamume asingenifanyia hivyo.

Akajibu taratibu, "Dada, wewe ukiogopa una usukani wa kushika. Mimi sina cha kushika."

Miaka yote nimemwona Saulo kuwa mtu mvivu, anayelala Chimala akaamka Morogoro. Leo nimeona kwamba ana hofu kama yangu, ila yake haina kazi ya kufanya. Nimemwambia kuanzia sasa atashuka na magari mengine, na mimi sitasema kitu.

Alhamisi, 19 Juni. Kihesa
Saida, binti wa Mzee Muhidini, amekuja likizo. Anafanya kazi kiwanda kimoja cha chai Mufindi, anapima mitambo. Ana kifaa kidogo chenye sumaku, anakibandika kwenye chuma, kinaonyesha mtetemo kwenye kompyuta. Mzee alimwomba aipime ya kwangu.

Tuliinua matairi ya nyuma kwa jeki, nikawasha, nikaweka gia moja moja. Saida akabandika kifaa juu ya giaboksi, akatazama mistari yake. Aliniambia mambo waziwazi, sikuona anatafuta sifa.

"Dada Ng'washi, ingekuwa ya meno yaliyonyooka ningekupa jibu sasa hivi. Jino bovu linatoa mshale mrefu, hata mtoto angeuona. Hii ni ngumu. Lakini kwa ninavyoona, iko safi."

Safi. Nimelala kitandani mchana huu kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu na usingizi ukaja.

Jumatatu, 23 Juni
Tumeshuka. Kimya, na mimi nimetulia. Kidogo.

Jumapili, 29 Juni. Makambako
Ukungu mzito, magari yanatembea na taa saa nne asubuhi. Nimekutana na Abdul kwenye mgahawa. Anabeba viazi kutoka Mbeya. Ni mtu wa kucheka, kofia yake haitoki kichwani. Nilimweleza yote. Alinisikiliza huku anakula chapati.

"Dada Ng'washi, gari kutolia ndiyo uzima wenyewe. Ukianza kuogopa kimya utaogopa mpaka kitanda chako."

Nilicheka naye. Saida si amesema iko safi.

Jumamosi, 5 Julai. Kihesa
Nilikuja kubadilisha oili. Nati ya kumwagia oili ina sumaku, na kila mara huwa na uji wa kijivu, ndiyo chuma kinachosagika kidogo kidogo. Mzee Muhidini hufuta kwa kitambaa, basi. Leo alifuta akasimama. Kwenye kitambaa palikuwa na kipande chembamba kama ukucha uliokatwa, upande mmoja unang'aa.

"Inaweza kuwa beringi," alisema. "Inaweza kuwa jino. Inaweza kuwa kilibaki humo tangu kwa mwenye gari wa kwanza."

"Wewe unafikiri nini?"

"Mimi sasa hivi sina la kufikiri, mwanangu. Nikifikiri namwona Brayson."

Nikampigia baba tena. Akauliza kama kipande kimoja kinaweza kusimamisha mavuno ya watu wote. Akasema Saida, msomi, amepima akakuta safi, sasa mimi nataka nini. Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba watu wa Chimala wameanza kusema binti yake ameshindwa gari.

Nilikata simu kabla hajamaliza. Sijawahi kumfanyia baba yangu hivyo.

Jumatano, 9 Julai
Tumeshuka. Kila kona nilichagua mahali pa kugonga. Hapa ukuta. Hapa hapana ukuta, ni bonde. Hapa kuna lori mbele, nitamuua mtu.

Jumapili, 13 Julai
Kimya.

Alhamisi, 17 Julai. Mafinga
Ninaota nashuka Kitonga kwenye kiti cha nyumbani, hakina magurudumu, kinakimbia. Nimeamka na meno yananiuma kwa kuyakaza.

Jumanne, 22 Julai. Kihesa
Saida amenipigia nikiwa Nyororo nimepakia. Alisema nisipite Iringa bila kumwona, na kwamba ameomba ruhusa kazini. Nilimkuta ananisubiri barabarani Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, na begi lake.

"Nilipima vibaya," alisema hata kabla hatujasalimiana vizuri. "Nilibandika kifaa juu, kama ninavyofanya kwa meno yaliyonyooka. Ya mshazari yanasukumana pia kwa urefu, yanaisukuma shafti mbele na nyuma. Nilitakiwa kubandika mwishoni mwa shafti, kwenye urefu wake. Halafu tulipima gari likiwa hewani, halina mzigo. Jino lenye ufa lisipobebeshwa halionyeshi kitu."

Nilitaka kumkasirikia. Nilishuka mlima ule kwa neno lake. Lakini macho yake yalikuwa mekundu, na angeweza kunyamaza nisijue kamwe.

Akabandika kifaa mwishoni mwa shafti, waya tukaupitisha dirishani. Tukapanda mjini na mzigo wote, tukageuza, tukashuka tena kwenda Ipogolo kwa gia ya tatu, mwendo ule ule mmoja. Saulo alikaa kati yetu ameishika kompyuta magotini. Kupanda hapakuwa na kitu. Kushuka, Saida akasema, "Rudia." Tukarudia. Akasema tena, "Rudia."

Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na mstari mrefu, na pembeni yake vistari vidogo viwili, kushoto na kulia, vifupi mno. Mimi ningedhani ni uchafu wa kioo.

"Si uhakika," alisema. "Ni shaka tu. Vinatokea gari likishuka, injini inapolishika. Wakati huo meno yanasukumwa kwa mgongo, siyo kwa uso."

Nilizima gari pale pale Ipogolo. Nikampigia baba.

"Sishuki Kitonga. Mchele nitautafutia lori jingine. Giaboksi inafunguliwa kesho."

"Ng'washi..."

"Ukitaka dereva mwingine, mlete. Lakini umwambie kwanza."

Halafu akasema, "Nakuja na basi."

Alhamisi, 24 Julai. Kihesa
Naandika hii jioni.

Asubuhi gia zote zilikuwa mezani zimeoshwa. Baba alikuwa amefika, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, fimbo katikati ya magoti. Mzee Muhidini aliigeuza ile ya tatu chini ya taa, jino moja baada ya jingine. Nzuri, inang'aa. Hapakuwa na kitu. Baba alinitazama, na nikahisi aibu ikinipanda kutoka miguuni.

Saida akasema subirini. Akaipulizia gia rangi nyekundu ya majimaji, inayoingia hata mahali unywele hauingii. Tukasubiri. Akaifuta mpaka ikawa safi, halafu akapuliza unga mweupe juu yake. Gia ikawa nyeupe kama imepakwa chokaa.

Tulisimama wote tumeinama. Mstari mwekundu ukaanza kujitokeza polepole kwenye weupe, chini kabisa ya jino, upande wa mgongo. Mwembamba kama uzi. Ulianzia kona, ukatambaa mpaka karibu nusu ya upana. Kisha kwenye jino la jirani ukatokea mwingine, mfupi.

Mzee Muhidini alisema, "Inna lillahi," akakaa chini.

Baba alisimama, akagusa ule mstari kwa kidole. Kidole kikatoka na wekundu. "Mayu," aliniita, yaani mama kwa Kisukuma, jina analoniita tukiwa wawili tu nyumbani, "mimi ndiye niliyekuwa nakusukuma."

Hapo hapo nikamkumbuka Abdul, nikachukua simu.

Simu iliita mara nyingi. Alipopokea nilisikia upepo na injini.

"Dada Ng'washi, habari za asubuhi."

"Uko wapi?"

"Naipita Ilula. Nimebeba viazi. Gari inateleza kama siagi."

"Abdul, simama. Tumefungua ya kwangu, ina ufa. Jino la gia ya tatu. Usishuke, Abdul."

Mtandao ukakata. Nilipiga tena. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani.

Tulichukua pikapu ya Mzee Muhidini, mimi nikaendesha, yeye pembeni anasoma dua. Nilikuwa najua kila mahali pa barabara ile na safari hii sikutambua hata sehemu moja. Ilula tuliwauliza wauza nyanya. Wakasema lori la viazi lenye turubai la bluu limeshapita. Mzee alifunga macho. Mimi nilikuwa naona khanga mbili.

Niliendesha mpaka pale barabara inapoanza kuinama. Lori la turubai la bluu lilikuwa pembeni, limewekewa mawe mbele ya matairi yote. Abdul alikuwa amekaa kwenye majani, kofia ameishika mkononi. Nilishuka, nikamwendea.

"Ulisikia niliyosema?" nilimwuliza.

"Sikusikia hata neno moja vizuri. Nilisikia 'Abdul', basi." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Nilikuwa nimeshaweka ya tatu. Gari haikuniambia kitu, dada. Sauti yako ndiyo iliyonitisha."

Ijumaa, 1 Agosti. Kihesa
Ya Abdul imefunguliwa. Kona ya jino haipo kabisa, na majirani zake wawili wana ufa. Aliangalia, akatoka nje, akatapika ukutani. Baada ya hapo alikwenda hospitali kukaa na Marcelino.

Mzee Muhidini amesema hatafunga tena giaboksi yoyote iliyotumika bila ile rangi nyekundu. Saida amemwachia makopo yake.

Jumatatu, 4 Agosti
Vumbi. Tunasubiri gia mpya kutoka Dar. Saulo amefua turubai.

Jumatano, 13 Agosti. Ruaha Mbuyuni
Gia ni mpya, kutoka kwenye boksi, na bado zilipakwa rangi na unga mbele ya macho yangu. Hazina mstari. Saida amepima, safari hii mwishoni mwa shafti, na mzigo.

Juu ya Kitonga nilisimama ili Saulo ashuke kama kawaida. Hakushuka. Baba naye alikuwa ndani, amepanda Chimala bila kusema kwa nini, amekaa dirishani na fimbo yake.

Niliweka gia ya tatu. Kimya. Nilitegemea hofu iwe imeisha, kwa sababu sasa najua kilichomo humo. Haikuisha. Ilikuwepo kona ya kwanza na kona ya pili, na ilikuwepo tulipopita pale penye ukuta wa mwamba wa Marcelino.

Baba alikuwa anatazama mbele. "Bado unaogopa?" aliniuliza.

"Ndiyo, baba."

"Na mimi," alisema. "Endesha."